Jina la Papa Mbuyi Kwenye Seva

Asubuhi niliyoondoka Kambove sikuwa na mpango wowote. Shule nilikuwa nimeiacha kabla ya kumaliza sekondari. Masomo hayakunishinda, ila kukaa benchi lile lile mwaka mzima kulinichosha kuliko kubeba mawe. Baba alikuwa zamu, mama shambani. Nilitoka nje kunyoosha miguu tu, nikakuta lori la makala, yaani mkaa, limesimama barabarani, dereva anakaza nati za gurudumu. Nikamuuliza anaelekea wapi. Akasema Likasi. Nikamwambia na mimi naenda huko huko, ingawa kabla ya kumwona sikuwa naenda popote.

Vijana wanaofanya sasa kazi yetu ya kufunga mitandao ya kompyuta wameniomba niwaandikie jinsi ilivyokuwa. Nimestaafu, au tuseme nimejistaafisha, kwa sababu sikuwahi kukaa na mwajiri mmoja muda wa kutosha anipe mkono wa kwaheri. Vyeo sitavisimulia, maana sikupanda. Nitasimulia milango: nani anaingia kwenye dosie, yaani folda, ambazo kompyuta nyingi zinazitumia pamoja, nani anakataliwa, na kwa nini lawama humwangukia fundi katika hali zote mbili.

Lori lilinishusha karibu na soko la Kikula. Nilizunguka mpaka nikasikia mlio ambao sikuwahi kuusikia, kama mtu anayepasua kitambaa kigumu, anapumzika, kisha anapasua tena. Nikaufuata. Ulitoka kwenye sekretariati, duka la kuchapia barua na kutoa fotokopi, na kilicholia kilikuwa mashine ya kuchapisha. Nilisimama mlangoni kukitazama kichwa chake kikienda na kurudi. Juu ya ngazi alikuwepo mwanamume aliyevaa tai, kichwa chake kimepotea ndani ya dari. Mkono wake ulishuka ukiwa na waya, na sauti ikasema bila kuniona, "We mutu wa kwenye mulango, shika apa."

Niliushika waya ule, na sikuuachia hadi mwaka huu.

Huyo ndiye Papa Mbuyi. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, na yeye mwenyewe alianza kama karani, kisha kompyuta zilipofika ofisini kwao akawa mtu pekee asiyeziogopa. Tai hakuivua hata akitambaa juu ya dari kati ya kinyesi cha popo. Bisibisi zake alizihifadhi ndani ya soksi moja ya sufu ili zisigongane. Hakuwahi kunifundisha kitu kwa kukieleza kwanza. Aliniacha nikosee, akanitazama, akavuta pumzi, ndipo akasema.

Somo la kwanza nililipata siku hiyo hiyo. Mama mwenye duka alikaa kwenye kompyuta kuandika neno lake la siri, na mimi, kwa kuwa macho yangu hayakujua kutulia, nilikuwa nikifuata vidole vyake. Papa Mbuyi alinishika kidevu akakigeuzia ukutani, kwa upole, kama unavyogeuza chungu mezani.

"Mutu anaandika kode yake, unageuza uso," alisema. "Ni sawa na mutu eko anaoga."

Somo la pili lilichukua muda mrefu zaidi kuniingia, na naona bado haliwaingii wengi. Dosie ya pamoja ina milango miwili. Wa kwanza ni lango la uwanja: ruhusa ya kuifikia dosie kupitia mtandao. Wa pili ni mlango wa nyumba: ruhusa iliyowekwa kwenye dosie yenyewe, ndani ya diski. Mtu akiruhusiwa langoni na kukatazwa nyumbani, amekatazwa. Akiruhusiwa nyumbani na kukatazwa langoni, hata nyumba hataiona. Mlango mkali ndio unaoshinda. Nimewakuta mafundi wenye vyeti vya Lubumbashi wakihangaika na lango asubuhi nzima wakati uliofungwa ni mlango, na mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi, hasa nikiwa na njaa.

Kisha kuna mgeni. Seva nyingi za zamani, yaani kompyuta zinazotunza dosie za wote, zilikuwa na jina maalumu la mtu asiye na jina. Kompyuta ikibisha hodi bila kujitambulisha, seva inaipokea kama mgeni. Papa Mbuyi alikuwa na kanuni moja tu juu ya hilo, na aliirudia kila mahali tulipofanya kazi: "Mugeni anakaa salon. Tunamupa maji, anaangalia foto za ku ukuta. Chambre, haingiaka." Yaani mgeni aishie sebuleni, chumbani asiingie: asome tu. Asiandike, asihamishe, asifute.

Utasema ni jambo rahisi. Kwetu si rahisi. Kwetu kumwambia mtu aliyefika kwamba hapa hupiti ni aibu, na aibu hiyo watu huipeleka mpaka kwenye mashine. Nimeingia ofisi ya depo moja ya saruji nikakuta mgeni amepewa ruhusa zote, kuliko hata meneja. Nilipouliza sababu, karani alinijibu kwamba wateja walikuwa wakiona ujumbe wa kukataliwa, na yeye hapendi watu wavunjike moyo mlangoni kwake. Kwa ukarimu huo walipoteza bei za mwaka mzima, kwa sababu mtoto wa mteja alibonyeza alichobonyeza.

Papa Mbuyi alipata kazi ya kudumu katika hospitali moja ya masista huko Likasi, ambayo sitaitaja. Mimi sikuweza kukaa. Nilikwenda Kolwezi, nikaenda Lubumbashi, nikarudi, nikaenda tena. Nilifunga mitandao kwenye mashule, kwenye ofisi za viwanda, kwenye duka la dawa ambalo mwenye nalo alificha seva chini ya kitanda cha mkwewe. Nilipofika mahali papya nilitaka kujua kila kitu. Nilipokwisha kujua, nilianza kutazama barabara. Lakini nikikwama, nilimpigia Papa Mbuyi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja, na swali lake siku zote lilikuwa la mahali ambapo sikuangalia. Saa ya kompyuta iko sawa? Maana saa ikipotea, seva nyingine hukataa hata wenye nyumba. Umejaribu kwa jina la nani? Maana fundi akijaribu mlango kwa funguo zake za fundi, kila mlango unafunguka, na anaondoka amefurahi akiwaacha watu nje. Kompyuta haikumbuki jina la zamani? Maana Windows huficha majina na maneno ya siri iliyopewa zamani na kuyatumia bila kukuambia.

Haya matatu yaandikeni mahali. Yamenilisha.

Papa Mbuyi alikufa akiwa bado kazini, kwa ugonjwa wa moyo. Nilirudi kwa kilio chake. Nyumba ilijaa watu wa hospitali, wa parokia na wa Kasai. Binti yake Ngalula, ambaye alikuwa muuguzi kwenye mapokezi ya radio katika hospitali ile ile, pale wagonjwa wanapopigwa picha za mifupa, aliwagawia watu maji. Niliondoka baada ya mazishi. Seva yake sikuiangalia, kwa kuwa hakuna aliyeniomba, na mtu haendi msibani kukagua vyombo.

Waliponiita, muda mrefu ulikuwa umepita. Aliyepiga simu alikuwa Sista Léontine, msimamizi wa hospitali, mwanamke mrefu anayeongea polepole kana kwamba kila neno atalitolea hesabu. Dosie yenye picha za radio za mwezi ule ilikuwa imepotea. Madaktari walifika Jumatatu asubuhi wakakuta pengo. Walikuwepo wagonjwa waliosubiri kupasuliwa, mmoja wao mchimbaji kutoka Kambove ambaye udongo ulimvunja paja, na daktari alikuwa amekataa kumgusa bila picha. Walishaanza kuwarudisha wagonjwa kwenye mashine mmoja mmoja, na waliovunjika walilia walipogeuzwa tena.

Picha zenyewe nilizipata haraka. Nilitafuta kwenye diski nzima kwa jina la faili la yule mchimbaji, na picha yake ilitokea ndani ya dosie ya mwezi uliopita. Mtu alikuwa ameikokota dosie nzima kwa kipanya na kuiangusha ndani ya jirani yake. Hutokea kila siku duniani: kidole kinabaki kimebonyeza, mkono unasogea, dosie imehama nyumba, na mwenye mkono hajui. Niliirudisha mahali pake. Daktari alinishukuru akakimbia. Nilianza kukusanya bisibisi zangu, zilizo kwenye soksi, nikidhani kazi imekwisha.

Sista Léontine alifunga mlango. Alisema kwamba Ngalula amesimamishwa kazi na Ijumaa kamati ingekaa kumwachisha kabisa. Yeye ndiye aliyekuwa zamu Jumamosi, siku ambayo picha za mwisho ziliingia. Tena alikuwa amegombana na mkuu wa radio juu ya ratiba, kwa hiyo watu walisema alifuta kwa hasira. Mimi nilimwonyesha kwamba hakuna kilichofutwa. Sista akasema kufuta au kuficha, mgonjwa aliyeteseka ni yule yule, na lazima ajulikane aliyefanya. Akanitaka nimsomee seva iliandika jina la nani.

Seva iliandika jina. Iliandika kwamba dosie ilihamishwa na Mbuyi.

Sista Léontine alifanya ishara ya msalaba, kisha akaonekana kuona haya kwa kuifanya.

Nilitoka kuuliza kwenye korido, na hapo ndipo nilipoelewa. Papa Mbuyi alipokufa, hakuna aliyethubutu kufuta jina lake kwenye seva. Familia ilikuwa haijaondoa kilio, yaani haijamaliza matanga. Kaka mkubwa wa marehemu alikuwa Mbuji-Mayi, kila mara anakuja, kila mara safari inashindikana, na bila yeye kilio hakiondolewi. Kufuta jina la mtu kabla ya siku hiyo, walisema, ni kumtupia vitu vyake nje wakati mke wake bado yuko kwenye nguo nyeusi. Basi jina lilibaki. Wakati huo huo hospitali ilipewa kompyuta mpya kadhaa, na kompyuta hizi mpya, kwa jinsi zilivyotengenezwa siku hizi, hazikubali kuingia mahali kama mgeni bila jina. Zinaona ni hatari, na kwa kweli ni hatari. Kwa hiyo zilipofika kwenye dosie za picha, zilikataa na kudai jina na neno la siri.

Fundi mmoja angewatengenezea majina yao. Lakini hapakuwa na fundi. Palikuwa na jina la marehemu, na neno lake la siri lilijulikana na hospitali nzima, kwa sababu mzee wa watu, aliyenigeuza kidevu, alikuwa ametumia jina la binti yake. Mganga mmoja, yaani daktari, alijaribu, likafungua. Akamwambia mwenzake. Tangu hapo kila aliyeketi kwenye kompyuta mpya aliingia kama Papa Mbuyi.

"Tungemunyima mutu namna gani?" muuguzi mmoja mzee aliniambia. "Papa alikuwa wa batu bote."

Wengine hawakutumia maneno hayo. Walinong'ona kwamba marehemu amechukia kwa kuwa kilio chake kimecheleweshwa, na ndiyo maana anahamisha vitu. Mlinzi wa lango aliniuliza kama ni kweli mzee bado anapiga kazi, akacheka, kisha akaacha kucheka alipoona sicheki.

Nilikwenda kumwona Ngalula nyumbani, Kikula. Alikuwa ameketi nje anachambua mchele, ingawa mchele ulikuwa safi. Nilimuuliza swali ambalo baba yake angeniuliza mimi: Jumamosi uliingia kwa jina la nani?

"Bila jina," alisema. "Ile kompyuta ya kwetu ku mapokezi ni ya zamani. Inaingia tu yenyewe. Jina ya papa, siingiaka nayo hata siku moja."

Nikamuuliza kwa nini, maana neno la siri lilikuwa jina lake mwenyewe.

"Njo sababu," alisema, akiniita yaya, yaani kaka. "Niandike jina yangu, halafu nageuka papa? Naogopa, yaya. Benzangu balibaki banacheka kwamba minajifanya."

Nilirudi hospitalini nikiwa nimechoka, lakini nikijua pa kuangalia. Ninyi mnaoanza, fuateni hapa taratibu. Seva huonyesha kompyuta zilizo ndani wakati huo: jina lililotumika, muda tangu ilipoingia, na kama imeingia kama mgeni au la. Nilimwita Sista Léontine, mkuu wa radio na daktari, nikawaonyesha. Kompyuta zote mpya, zilizo kwenye ofisi ambazo wikendi mtu wa mapokezi hana funguo zake, zilikuwa ndani kwa jina la Mbuyi. Kompyuta ya mapokezi ilikuwa ndani kama mgeni, na ilikuwa imeingia tangu kabla ya Jumamosi bila kukatika. Ina betri yake, haizimwi, na dirisha la dosie hawalifungi kamwe kwa sababu wamechoka kulifungua.

Mkuu wa radio, mtu mwenye akili, aliuliza kitu cha haki. Je, Ngalula hakuweza kuandika jina la baba yake kwa muda mfupi, akafanya alichofanya, kisha akarudi kuwa mgeni? Nilimwambia ajaribu mwenyewe. Aliketi, akaandika jina la Mbuyi kwenye kompyuta ya mapokezi, ikamkatalia. Windows haikubali kuingia kwenye seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Lazima kwanza ukate muunganisho wa kwanza, na ungekatwa, muda ungeanza kuhesabiwa upya, na sisi tungeuona.

Kisha nikamwomba, akiwa bado ni mgeni, aikokote dosie yoyote na kuiangusha ndani ya nyingine. Aliikokota. Kompyuta ikajibu kwamba hana ruhusa. Alijaribu tena kwa nguvu zaidi, kama watu wafanyavyo, kana kwamba kipanya kinasikia nguvu.

"Mugeni anakaa salon," nilisema. Sikukusudia kuisema kwa sauti. Kanuni ile Papa Mbuyi alikuwa ameiweka kwenye seva yake, miaka yote hakuna aliyeigusa, na sasa ilikuwa imemlinda binti yake.

Daktari aliuliza basi ni nani kati ya wote walioingia kama Mbuyi. Nilimjibu kwamba haitajulikana, maana seva ile iliandika jina tu, si kompyuta, na kwamba hata yeye anaweza kuwa ndiye. Alifikiri, akasema kweli, Jumamosi aliwahi kufungua dosie ile akiwa amevaa glavu. Mkuu wa radio akasema hata yeye. Nyumba ambayo kila mtu ana jina moja haina mwizi wala mwenye nyumba. Sista Léontine akasema kamati ya Ijumaa haitakaa, Ngalula arudi zamu.

Iliyobaki ilikuwa kulifunga jina lile, na hakuna aliyetaka kunipa ruhusa. Sista alisema ni jambo la familia. Basi tulikwenda kwa familia, mimi na yeye, mchana, na Ngalula akatutolea viti. Mjane, Mama Kapinga, alikuwa bado kwenye nguo nyeusi, amekonda, macho makavu. Nilianza kumweleza habari ya seva kwa kuzunguka sana, nikizungumzia heshima, na desturi, na kaka mkubwa wa Mbuji-Mayi. Alinikatiza.

"Unasema bwana wangu jina yake iko inatumika ku kazi mpaka leo?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Kila siku?"

Kila siku.

Aligeuka akamtazama Sista Léontine. "Ma sœur, ule mutu alikufa na kuchoka. Na nyinyi mulimuacha kazini?"

Mama Kapinga alisema kilio cha nyumbani kitamngoja shemeji yake, hiyo ni haki ya ndugu, lakini cha hospitali kiondolewe leo. Alituletea munkoyo, kinywaji cha mahindi, tukanywa, na kwake hiyo ilikuwa sherehe. Jioni ile kabla ya kuondoka nilikwenda kwenye seva. Jina la Mbuyi sikulifuta. Nililizima tu. Kuzima kunaacha kazi zake zote zikiwa zimeandikwa kwamba ni zake, lakini hakuna awezaye tena kuingia kwa jina hilo. Nawashauri mfanye vivyo hivyo kwa kila anayeondoka, aliye hai au la. Kisha nikamtengenezea kila mtu jina lake, nikakaa nao mmoja mmoja wakichagua maneno yao ya siri, nikigeuza uso ukutani mpaka shingo ikauma.

Ningependa kuishia hapo, lakini kazi hii haina tabia hiyo. Nilipita tena hospitalini baada ya miezi kadhaa, kwa ajili ya waya uliotafunwa na panya, nikaangalia orodha ya walio ndani. Kompyuta zote mpya zilikuwa zimeingia kwa jina moja. Jina lilikuwa Ngalula.

Walikuwa wameyasahau maneno yao, au wameona uvivu kuyaandika, na mmoja wao alimwomba Ngalula lake, akampa, kwa sababu kumnyima mwenzako ni vigumu hasa ukiwa umetoka kusamehewa. Walimwambia yeye ni mtoto wa mzee, kwa hiyo nyumba ni yao wote. Alipolibadilisha, waliacha kumsalimia. Walisema amejaa majivuno tangu aliporudishwa. Akalirudisha la zamani. Nilikaa kwenye kiti cha seva nikaisoma orodha mara ya pili. Nilifunga waya wa panya. Nilipouliza alipo Ngalula, waliniambia ameomba uhamisho, ameondoka zamani kidogo. Jina lake tu ndilo lililobaki.

Nililizima hilo pia, nikakabidhi funguo za chumba cha seva kwa Sista Léontine. Nikamwambia atafute kijana mwenye subira, mimi yangu imekwisha. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili na hakubishana.

Asubuhi iliyofuata niliondoka kwenye chumba nilichopanga Likasi bila kujua ninakwenda wapi. Nilikuwa na mfuko mmoja na soksi ya bisibisi. Barabarani nilikuta lori linalorudi na vikapu vitupu vya samaki. Nikamuuliza dereva anaelekea wapi, naye akasema Kapolowe. Nilipanda. Njiani sikuwaza kitu; nilitazama mashamba ya mahindi yaliyovunwa na watu wakichoma mabua, nikashangaa kwamba kwa miaka yote niliyopita barabara ile sikuwahi kushuka.

Kapolowe nilizunguka kama nilivyozunguka Kikula siku ile ya kwanza. Karibu na misioni niliona kituo cha afya kidogo chenye paa jipya, na kwa dirisha kompyuta moja. Sikuweza kupita bila kuchungulia. Aliyekuwa ameketi mbele yake aliinua macho.

"Yaya," alisema Ngalula. "Banakufukuza Likasi?"

Nikamwambia nimejifukuza mwenyewe. Alicheka, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya, akauliza nitalala wapi. Nikasema sijui. Akanipeleka misioni akaongea na mtawa mwenye funguo, kisha akanionyesha mwenyewe: chumba hiki ni chako, kitanda, ndoo, taa, bukari, yaani ugali, na samaki tunakula pale kwenye baraza, kule nyuma ni kwa masista, kule haupiti. Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kuliko alivyodhani.

Siku chache baadaye nilimwomba nitumie kompyuta ya kituo, wagonjwa wakiwa wameisha, niandike haya mnayosoma. Nilidhani atanipa neno lake la siri tuendelee. Hakunipa. Alisema ile ni yake, na ya muganga ni ya muganga. Aliketi akanitengenezea jina, akaliandika herufi kwa herufi akiniuliza kama ni sawa, akanifungulia dosie yangu mwenyewe ambayo kurasa hizi zimo ndani. Katika miaka yangu yote ya kazi nilikuwa nimewaandikia majina watu wengi. Langu hakuna aliyekuwa ameliandika popote.

Kisha akasimama, akanipisha kwenye kiti.

"Chagua kode, yaya," alisema, akageuza uso ukutani.